Mtoto anataka kutetea Leta: tumjibu nini?



Siku ya posho iliyopita, likelemba ilipomalizika na mwenye zamu kufunga feza zake katika kikwembe, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma na binti yake. Binti huyo yuko kalasi ya sita ya sekondari, anangoja egzameni ya Leta. Mama akasema: "Mwalimu, wewe umesoma ISP, tafadhali ongea na huyu mtoto. Anataka kusoma sheria. Hiyo ningekubali, hata ningefurahi. Lakini anasema anataka kuwa avoka wa kutetea Leta. Leta ile ile iliyobomoa nyumba yangu!"

Binti aliinamisha kichwa, akakwaruza udongo kwa kidole cha mguu. Hakusema neno.

Sisi pia tulinyamaza kidogo, kwa sababu nyumba ile tunaijua. Ilikuwa na vyumba viwili na baraza, na mpapai mbele ya mlango. Barabara ilipopanuliwa, watu wa biro moja ya umma walikuja kupiga alama nyekundu ukutani, wakaandika majina katika kaye, wakaahidi malipo. Kisha mashine ikaja. Malipo hayajaja. Mwaka wa tatu sasa mama yule anabeba mfuko wa karatasi kutoka biro hii hadi biro ile, na kila mara anaambiwa arudi juma lijalo.

Tulimwomba atupe siku chache za kufikiri. Jibu letu tunaliandika hapa, kwa sababu wengi kati yenu mna mabinti wa umri huo, na swali lake si lake peke yake.

Leta ni nani?

Wengi wetu tukisikia neno Leta tunaona kofia ya polisi, ao mtu wa taksi anayepita sokoni asubuhi na kitabu cha jeto mkononi. Ni kweli, huyo ni Leta. Lakini Leta ni pia maternite tulimozalia watoto wetu, barabara, soko, bandari, na shule za msingi za umma ambamo watoto wanasoma bila kulipa tangu mwaka 2019. Maji ya REGIDESO, umeme wa SNEL unaotoka Bendera, gari la moshi la SNCC, haya nayo ni mali ya wote, hata siku yanapotukasirisha.

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema kwamba mji, komini, sekta na shefri ziko na utu wao mbele ya sheria. Maana yake, komini inaweza kuwa na mali, kuandika mkataba, kudai deni, kushtaki na kushtakiwa, kama mtu mzima. Lakini komini haina kinywa. Burgumestre ndiye anayeisemea mbele ya tribinali, na burgumestre si lazima awe mtu wa sheria. Hapo ndipo anahitaji avoka, ao wakili kama wanavyosema wenzetu wa Kigoma.

Je, anapokosekana inakuwaje? Tuwaambie jambo tulilojionea.

Uwanja tulioupoteza

Tulipoanza kazi, zaidi ya miaka kumi iliyopita, tulitumwa katika shule moja ya umma ambayo hatutaitaja jina. Ilikuwa na uwanja mkubwa wenye miembe. Watoto walicheza pale, na wamama wa kartie walianika mihogo yao pembeni wakati wa likizo. Siku moja mtu mmoja akaja na karatasi, akasema nusu ya uwanja ule ni parseli yake, ameinunua.

Tulicheka. Wazee wa kartie walicheka. Kila mtu alijua uwanja ni wa shule tangu zamani, kabla sisi hatujazaliwa. Barua ya tribinali ilipofika, iliwekwa ndani ya meza ya direkta, chini ya kaye za mahudhurio. Siku ya kesi hakuna aliyekwenda kwa upande wa shule. Mara ya pili direkta alikwenda mwenyewe, amevaa tai, akaongea vizuri sana juu ya watoto na maisha yao ya kesho. Hakimu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Karatasi yenu iko wapi?"

Direkta hakuwa na karatasi. Alikuwa na miembe.

Leo pale pana ukuta. Watoto wanacheza kandokando ya barabara, na mwaka uliofuata mmoja wa kalasi yetu aligongwa na pikipiki, akavunjika mguu. Baadaye mzee mmoja aliyefanya kazi zamani katika biro ya kadasta alituuliza kwa nini hatukwenda kuomba ramani ya eneo lile. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kwamba kitu kama hicho kinaombwa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wa nchi hii ni mali ya Leta, na kwamba haki ya mtu juu ya parseli inaonekana katika karatasi iliyoandikishwa. Sisi waalimu, watu wenye diploma, tulikwenda vitani na miembe.

Tangu siku ile, tukisikia mtu akisema "Leta haihitaji mtetezi," tunawaona wale watoto kando ya barabara. Mali ya mtu mmoja ina mwenyewe wa kuililia usiku na mchana. Mali ya wote mara nyingi haina mtu, kila mmoja anadhani mwenzake anaiangalia. Kazi ya avoka wa mambo ya umma ni kuwa yule mtu.

Kesi ya La Haye

Mtasema: hayo ni mambo ya shule ndogo. Basi tuangalie kesi kubwa kuliko zote ambazo nchi yetu imepeleka mbele ya mahakama.

Tarehe 23 Juni 1999, wakati wa vita, Kongo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye, Uholanzi. Tarehe 19 Desemba 2005 mahakama ilisema Kongo ina haki: Uganda ilivunja sheria ya mataifa kwa kuingiza jeshi lake, na inapaswa kulipa. Mataifa haya mawili yalizungumza miaka mingi juu ya kiasi cha malipo bila kupatana, na mwaka 2015 Kongo ilirudi mbele ya mahakama. Hukumu ya mwisho ilitoka tarehe 9 Februari 2022. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya miliari 11 za dolari. Ilipewa milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu waliouawa na walioumizwa, milioni 40 kwa ajili ya mali, na milioni 60 kwa ajili ya madini na utajiri mwingine wa nchi. Uganda iliambiwa ilipe kwa miaka mitano, milioni 65 kila mwaka.

Kwa nini kiasi kilipungua namna hiyo? Tunawaomba mlishike vizuri jambo hili. Mahakama haikusema kwamba watu hawakufa. Ilisema kwamba kwa mambo mengi yaliyoombwa, ushahidi ulioletwa haukutosha. Ni wangapi waliokufa katika kijiji fulani, siku gani, nani aliandika majina yao, nyumba ngapi ziliungua, za nani? Mahakama yenyewe ilikubali kwamba wakati wa vita ni vigumu kupata karatasi, ikapima kwa makadirio. Lakini makadirio si sawa na orodha iliyoandikwa.

Maavoka wa Kongo waliobeba kesi ile walizeeka nayo, karibu miaka 23 tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kutetea Leta ajue hilo mapema. Mtu akitafuta kazi ya kupiga kelele na kushangiliwa, hii si yake. Ni kazi ya kuketi, kusoma, kuhesabu, kuandika tena, na kungoja. Wamama, nani anajua kungoja na kuhesabu kuliko sisi?

Na Leta ikiwa na kosa?

Hapa ndipo mama yetu alipokuwa ametushika, na hatutaki kumjibu kwa maneno matamu. Kuna siku ambapo Leta ndiyo yenye kosa. Binti yake atafanya nini siku hiyo? Atasimama kusema uongo ili mshahara wake uingie?

Tuvuke ziwa kidogo. Huko Tanzania, sheria ya ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ruhusa ya wazazi, na hata wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, huku mvulana akitakiwa kuwa na miaka 18. Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, aliishtaki serikali kupitia Mwanasheria Mkuu. Mwezi wa Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile havipatani na katiba. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa ile, na Rebeca Gyumi akashinda mara ya pili.

Fikirini sasa wale mawakili wa serikali waliosimama miaka mitatu kutetea sheria ile. Huenda baadhi yao wana mabinti nyumbani. Kazi yao iliwataka waseme yale yanayoweza kusemwa kwa upande wa serikali, kwa sababu kila upande unapaswa kusikilizwa ndipo hakimu akate neno. Hatuwaiti watu wabaya. Lakini tunamwambia kila binti anayetaka kazi hii: siku kama hiyo itakufikia. Uifikirie kabla haijafika.

Avoka mzuri wa Leta anafanya kazi yake kubwa kabla ya kesi, ndani ya biro, mlango ukiwa umefungwa. Pale ndipo anamwambia mkubwa: "Baba, jambo hili tukilipeleka mbele ya hakimu tutashindwa, na ni haki tushindwe. Afazali tulipe." Uongo mbele ya hakimu ni kuvunja kiapo chake. Kushauri kwa ukweli ni kazi yake yenyewe, na akiona anashurutishwa kusema uongo, anaweza kuiacha kesi ile.

Sasa turudi kwenye nyumba yenye mpapai. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, inasema kwamba mali ya mtu ni kitu kitakatifu, na kwamba haiwezi kuchukuliwa isipokuwa kwa faida ya wote na kwa malipo ya haki yanayotolewa kwanza. Soma tena neno hilo: kwanza. Malipo, ndipo mashine. Kama siku ile ndani ya biro ile angalikuwamo mtu mmoja wa sheria, mwenye kujua kifungu hicho na mwenye moyo wa kukisoma mbele ya mkubwa wake, mama yetu angalilipwa kabla ukuta haujaanguka. Hakubomolewa nyumba kwa sababu Leta ilikuwa na avoka mzuri. Alibomolewa kwa sababu pale hapakuwa na avoka, ao alikuwapo akaogopa.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni hili: mama, usimzuie. Nyumba yako yenyewe ndiyo sababu ya kumwacha asome.

Njia ni ndefu kiasi gani?

Jibu la pili ni la mfuko, kwa sababu mapenzi peke yake hayalipi universite.

Baada ya diploma ya Leta, mtoto anaingia fakulte ya sheria. Kwa mpango wa zamani ilikuwa miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi, jumla mitano. Siku hizi vyuo vinaingia katika mpango mpya, miaka mitatu ya lisansi na miwili ya masta. Hesabu ya mama haijabadilika sana: ni miaka mitano ya makaye, kodi ya nyumba na chakula, mtoto asipoanguka kalasi. Akienda Lubumbashi ongeza safari na mambo ya kukaa ugenini.

Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 ndiyo inayopanga kazi hii nchini. Inataja makundi matatu: maavoka, watetezi wa tribinali ambao kazi yao inaishia kwenye tribinali za chini, na kundi la tatu ambalo wengi hawajalisikia, yaani mandateri wa Leta, watu waliowekwa kusema kwa niaba ya Leta mbele ya mahakama. Kwa hiyo binti yule hakuota ndoto ya ajabu. Kazi anayoitaka iko katika sheria tangu kabla mama yake hajaolewa.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni kuwa avoka wa baro. Mtu anaandikishwa kwanza kama mwanafunzi wa kazi, anakula kiapo, anafanya staji ya miaka miwili chini ya avoka mkubwa, kisha anaandikwa katika orodha kubwa. Avoka kama huyo haajiriwi na Leta. Ana kabine yake, na komini, jimbo ao kampuni ya Leta inaweza kumpa kesi kama inavyompa mteja mwingine yeyote. Leo anasimamia komini, kesho anasimamia mjane. Huyo ana uhuru zaidi, lakini feza yake haina siku maalum.

Mlango wa pili ni kuingia katika kazi yenyewe ya Leta: kuwa mandateri, ao mtu wa sheria katika wizara, jimbo ao kampuni ya umma, pale wanapoandika mikataba na kufuata kesi. Huko kuna mshahara, hata kama sisi waalimu tunajua mshahara wa Leta unavyotembea. Milango hii miwili haichanganywi: avoka wa baro hawezi kuwa papo hapo mfanyakazi wa Leta. Mtoto achague akijua.

Tunawaonya juu ya ile miaka miwili ya staji. Wengi wanavunjika pale. Mtoto ana lisansi, jamaa yote inangoja avoka alete feza, kumbe yeye bado anabeba mfuko wa mkubwa wake na kuomba nauli ya pikipiki. Wasichana wanashurutishwa kuolewa haraka, wengine wanaacha. Likelemba inayopangwa kwa ajili ya staji, tangu mtoto akiwa mwaka wa kwanza, ingewaokoa wengi.

Na mume je? Zamani lilikuwa swali kubwa. Kanuni ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa matendo ya sheria yanayomfunga, hata kwa kwenda mahakamani katika mambo mengi. Mwanamke alikuwa avoka wa watu, na yeye mwenyewe alihitaji karatasi ya bwana! Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanapaswa kupatana. Mkwe akija kusema "mke wangu hatafanya kazi bila ruhusa yangu," mwambieni kwa heshima kwamba sheria hiyo imekufa.

Wanawake waliotangulia wako. Mama Rose Mutombo, hakimu kwa kazi, aliongoza CAFCO, umoja mkubwa wa vyama vya wanawake wa Kongo, kisha akawa Waziri wa Haki kuanzia 2021 hadi 2024. Huko Kenya, Dorcas Oduor alifanya kazi ya sheria ndani ya serikali kwa zaidi ya miaka 30, ngazi kwa ngazi, na mwezi wa Agosti 2024 akawa Mwanasheria Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo katika nchi yao. Miaka 30, wamama. Haikuwa bahati ya siku moja.

Tunaanzia jikoni

Binti akitaka kazi hii, mama ambaye hakusoma anaweza kumsaidia nini? Mengi.

Mwacheni awe mwandishi wa likelemba yenu. Aandike nani ametoa, nani amekosa, tarehe gani, na kila mmoja atie sahihi ao kidole. Siku wawili wanapogombana juu ya zamu, yeye afungue kaye na kuwasomea, bila kumpendelea shangazi yake. Hayo ndiyo masomo ya kwanza ya sheria.

Mpeni nafasi ya kusoma Kifaransa kwa sauti, hata gazeti la kufungia ndagala, kwa sababu sheria zetu zimeandikwa kwa Kifaransa na mtoto anayekiogopa atazama mwaka wa kwanza. Lakini asiache Swahili. Mbele ya tribinali ya hapa, shahidi ni muuza samaki wa kando ya ziwa, na avoka asiyemwelewa vizuri atakosa neno linaloshinda kesi.

Andikisheni watoto wanapozaliwa. Kwa siku 90 za kwanza kuandikisha ni bure. Asiye na karatasi ya kuzaliwa anaanza maisha kama ule uwanja wetu, kila mtu anamjua lakini hakuna pa kumwonyesha.

Na vikundi vyetu vyenyewe: karatasi za chama, mikataba ya shamba, risiti za feza za mradi, ziwekwe katika sanduku moja linalofungwa, si chini ya godoro la prezida.

Mfuko wa mama

Tumalizie na yale yaliyotokea juma hili. Siku ya tatu binti alikuja nyumbani kwetu na mfuko wa mama yake. Tulimwambia: "Kabla ya kutetea Leta, panga kesi hii. Weka kila karatasi kwa tarehe yake." Alifanya kazi saa mbili juu ya mkeka, bukari likapoa. Alipomaliza, alitutazama akasema: "Mwalimu, mama aliandika barua tatu. Hakuna hata moja yenye muhuri wa kuonyesha kwamba biro iliipokea."

Kweli. Miaka mitatu ya kutembea, na mbele ya hakimu ingekuwa kama hakwenda hata siku moja. Mama alipeleka barua, wakamwambia kwa mdomo "tumeipata," akawasadiki. Wamama, mkipeleka barua kwenye biro yoyote, pelekeni mbili. Moja inabaki kwao, nyingine inapigwa muhuri na tarehe, inarudi nyumbani nanyi. Wakikataa kupiga muhuri, andikeni jina la aliyekataa, siku na saa.

Binti ameandika barua ya nne, akataja kifungu cha 34, na wataipeleka wawili pamoja. Tuliwaambia pia kwamba sheria ile ya mwaka 1979 inaitaka kila baro iwe na biro ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Wakiuliza kwenye baro yetu hapa Kalemie, waulize kwa jina hilo, na wasikubali kurudishwa mlangoni.

Tulimuuliza mama kama sasa amekubali mtoto asome kazi ile. Alifunga mfuko wake polepole. "Asome," akasema. "Lakini siku akikaa katika biro ya Leta, na mama kama mimi akaja mlangoni na mfuko kama huu, asimwambie arudi juma lijalo."

Binti alijibu: "Ndiyo, mama." Sisi tulikuwa mashahidi, na sasa ninyi pia.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.